Bakteria wa Tauni Anajuaje Kwamba Yumo Mwilini Mwako?

 

Hebu tuanze na safari. Umetoka Vuga alfajiri, mwezi wa Julai, ukungu bado umelala kwenye migomba na meno yanagongana. Umevaa sweta, na juu ya sweta umetupia koti la kaka yako. Soni unapanda basi, linakata kona za mlima moja baada ya nyingine, na kabla hujafika Mombo jasho limeanza kukutoka. Unavua koti. Halafu sweta. Hakuna aliyekuambia "vua". Ngozi yako imepima joto, nawe ukafanya linalofaa.

Leo tunazungumzia kiumbe mdogo mno, asiyeonekana bila hadubini, asiye na ngozi kama yako wala ubongo, lakini naye anapima joto njiani. Tofauti yenu ni moja: yeye akifika kwenye joto havui kitu. Anavaa silaha.

Kiumbe huyo ni bakteria wa tauni. Jina lake la kisayansi ni Yersinia pestis, kutokana na Alexandre Yersin, daktari aliyemgundua huko Hong Kong mwaka 1894. Wewe kijana wa leo huenda umesikia tauni kwenye vitabu vya dini au kwenye somo la historia tu, ukadhani ni mambo ya Ulaya ya kale. Waulize wazazi wako. Mwaka 1980 tauni ililipuka hapa hapa wilayani Lushoto, na iliendelea kurudi, mwaka mmoja nyingi, mwaka mwingine kidogo, hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Katika kipindi hicho watu zaidi ya 7,000 waliugua, na zaidi ya 600 walifariki. Vijiji vilivyoumia zaidi vilikuwa upande wa kaskazini, maeneo ya Shume, Mlalo na Mtae. Wataalamu wa panya kutoka Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, Morogoro, walipanda milima hii miaka nenda miaka rudi kutega panya na kuchana viroboto kutoka kwenye manyoya yao.

Usiseme basi yamekwisha. Bakteria hawa huweza kuishi miaka mingi kimyakimya kwa panya wa porini na viroboto wao. Ituri, mashariki mwa Kongo, bado ni eneo la tauni, na mwaka 2017 Madagaska ilipata mlipuko uliogusa watu zaidi ya 2,000.

Safari ya kutoka baridi kwenda joto

Unajua jinsi tauni inavyoambukiza? Kiroboto anamuuma panya mgonjwa, anameza damu yenye bakteria. Panya akifa mwili wake unapoa, na kiroboto hapendi maiti. Anahama, anatafuta mwenyeji mwingine. Kama mwenyeji wa karibu ni wewe uliyelala kwenye mkeka sakafuni, basi ni wewe.

Sasa angalia safari hiyo kwa jicho la bakteria. Kiroboto hana joto lake mwenyewe kama sisi. Joto la ndani yake ni lile la mahali alipo, kwa hiyo katika nyumba ya huku milimani bakteria anaishi kwenye nyuzi 20 hivi, au chini ya hapo. Mara kiroboto anauma, na kufumba na kufumbua bakteria yumo mwilini mwa binadamu kwenye nyuzi 37. Kwake yeye ni Soni na Mombo, ila safari yote ni ya sekunde moja.

Mahitaji ya sehemu hizo mbili hayafanani hata kidogo. Ndani ya kiroboto hakuna chembechembe nyeupe za damu za kumwinda. Mwilini mwako zimejaa. Silaha za kupambana nazo ni ghali kutengeneza, na bakteria anayetembea amezibeba wakati hazihitaji anakua polepole na kuachwa nyuma na wenzake. Kwa hiyo asitengeneze mapema, na asichelewe. Anajuaje wakati?

Daftari moja, kurasa nyingi

Ndani ya kila bakteria kuna DNA. Ifikirie kama daftari nene la mapishi. Kila ukurasa ni jeni, na kila jeni lina maelekezo ya kutengeneza protini fulani. Bakteria wa tauni ana jeni zipatazo 4,000. Daftari halitoki jikoni, wala halipikwi lenyewe. Kwanza mnakili hufungua ukurasa unaotakiwa na kunakili maelekezo kwenye karatasi ndogo. Mnakili huyo ni kimeng'enya kinachoitwa RNA polimerasi, na karatasi ndogo ndiyo RNA. Kisha mpishi, ambaye ni ribosomu, anashika ile nakala na kupika protini.

Kumbe basi, kinachoamua bakteria anafanya nini si kurasa alizo nazo tu. Ni kurasa zipi zinanakiliwa sasa hivi. Wewe mwenyewe una DNA ileile jichoni na kwenye ini, lakini jicho haliwi ini.

Waliofungua mlango wa elimu hii walikuwa Wafaransa wawili wa Taasisi ya Pasteur mjini Paris, François Jacob na Jacques Monod. Mwaka 1961 walieleza jambo walilolichunguza kwa bakteria wa kawaida tu wa utumboni, yule aitwaye E. koli. Ukimpa sukari ya kawaida, glukosi, anakula bila shida. Ukimpa sukari ya maziwa, anahitaji vimeng'enya maalumu vya kuivunja. Lakini vimeng'enya hivyo havitengenezi ovyo. Karibu na jeni zake amekaa mlinzi, protini iliyoishikilia DNA na kumzuia mnakili asipite. Maziwa yakiingia, chembe inayotokana na sukari yake inamng'ang'ania mlinzi, mlinzi anabadilika umbo, anaachia DNA, na mnakili anapita. Maziwa yakiisha, mlinzi anarudi kukaa. Na kama glukosi ipo tele, hata mlinzi akiondoka mnakili hufanya kazi kwa uvivu, kwa sababu kuna chakula rahisi zaidi. Kwa kazi hiyo Jacob na Monod, pamoja na mwenzao André Lwoff, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 1965.

Mimi nilisoma hayo chuoni nikaona ni mambo ya mtihani. Ni habari za tauni ndizo zilizonifanya nielewe kwamba ni mambo ya kufa na kupona.

Kufuli mbili

Kwa bakteria wa tauni, ukurasa muhimu kuliko yote ni ule wa protini iitwayo LcrF. Hii ni kamanda. Yenyewe haimdhuru mtu, ila ikiwapo inakwenda kwenye kurasa nyingine nyingi na kumwita mnakili: "Njoo hapa, anza kazi." Kwa hiyo ukurasa wa kamanda umefungwa kwa kufuli mbili, na zote mbili hufunguka kwa joto.

Kufuli ya kwanza ipo kwenye DNA. Kwenye ubaridi kuna mlinzi anayeitwa YmoA, anayezuia ukurasa wa kamanda usinakiliwe sana. Kwenye nyuzi 37 mlinzi huyo hukatwakatwa na vimeng'enya vya bakteria mwenyewe. Njia inakuwa nyeupe, mnakili anaingia kazini.

Kufuli ya pili ipo kwenye ile karatasi ndogo, yaani RNA, na hii ndiyo inayonifurahisha kuliko zote. Nakala ya kamanda inajikunja yenyewe kama kibanio cha nywele, na mkunjo unaziba mahali hasa ambapo ribosomu inatakiwa kushika ili ianze kupika. Kukiwa na baridi mkunjo unabana. Joto likipanda hadi la mwili wa binadamu, unalegea na kufunguka. Ribosomu inashika, kamanda anatengenezwa. Wanasayansi wanakiita kipande hicho kipimajoto cha RNA, na jina limekaa vizuri.

Nilipoeleza haya kwenye klabu ya afya ya shule moja ya sekondari, kijana mmoja alinyoosha mkono akauliza: "Sasa dada, huyo bakteria anafikiri?" Swali zuri. Jibu ni hapana. Zamani amri za Usambara nzima zilitoka Vuga, kwenye makao ya wafalme wa Kilindi, na enzi za Kimweri ye Nyumbai zilifika hadi pwani. Bakteria hana Vuga ndani yake. Hakuna mfalme anayekaa na kutoa amri. Kuna mlinzi anayeharibika kwenye joto na karatasi inayolegea kwenye joto, basi. Ni kama mafuta ya nazi: Mombo yanamiminika, huku kwetu Julai yanaganda kwenye chupa, na hayajafikiri chochote.

Silaha zenyewe

Kamanda akiwapo, bakteria anajenga vibomba vyembamba vinavyofanya kazi kama sindano. Anakutana na chembechembe nyeupe ya damu, askari wako, anamchoma na kumwingizia sumu za protini. Askari anapooza. Hawezi kummeza bakteria wala kupiga kelele kuita wenzake.

Pia anavaa koti. Hili lina kamanda wake mwingine, siyo LcrF, lakini nalo linasubiri joto la mwili. Ni tabaka laini la protini iitwayo F1, linalomfanya ateleze mikononi mwa askari. Na hata mafuta ya ukuta wake wa nje hubadilika umbo kwenye nyuzi 37, kiasi kwamba kengele ya hatari ya mwili wako haisikii vizuri kuwa mgeni ameingia. Yaani mwizi kaingia na mbwa wamelala.

Lakini sikiliza hapa, maana ndipo penye uhai wako. Silaha hizi hazitokei papo hapo. Bakteria anayetoka kwenye kiroboto anafika bila koti na bila sindano, na kujenga koti kamili kunamchukua saa kadhaa. Katika saa hizo za mwanzo baadhi ya askari wako wanawala bakteria wengi na kuwaua kabisa. Tatizo ni askari wa aina nyingine, makrofaji, ambao huwameza bakteria lakini wengine hawafi. Wanabaki hai ndani ya tumbo la askari, kwenye joto, wakijisomea kurasa zao. Wanasafirishwa hadi kwenye tezi, kinenani au kwapani, kisha wanatoka wakiwa wamevaa kamili.

Siku 2 hadi 6 baada ya kuumwa na kiroboto, homa kali inapanda ghafla, kichwa kinauma, mwili unalegea, na ile tezi inavimba na kuuma mno. Wazee wanaita mtoki. Mtoki unaweza kuletwa na mengine pia, hata kidonda cha mguuni au magonjwa ya zinaa, kwa hiyo usijihukumu mwenyewe kitandani. Ila mtoki wenye homa kali ya ghafla, tena mahali ambapo panya wamekuwa wakifa hovyo, huo si wa kupaka dawa ya majani na kungoja Jumatatu. Wala si wa kutafuta nani kakuroga. Bila matibabu tauni ya mtoki huua watu 3 hadi 6 katika kila 10. Ukiwahi hospitali, dawa zipo na wengi wanapona: streptomaisini, jentamaisini, doksisaiklini na nyinginezo ambazo mganga atachagua. Tatu hizo nilizotaja hazigusi daftari wala mnakili. Zinamvuruga mpishi, ribosomu, ili nakala zote zilizonakiliwa zisipikike. (Dawa inayomkamata mnakili mwenyewe unaifahamu kwa rangi: ni rifampisini ya kifua kikuu, ile inayogeuza mkojo kuwa wa rangi ya machungwa. Ni dawa ya kifua kikuu, usije ukaiazima kwa jirani kutibu mtoki.)

Kuna hatari nyingine kubwa zaidi. Bakteria akifika kwenye mapafu, mgonjwa anaanza kukohoa, na matone ya kikohozi yanambeba moja kwa moja hadi kwenye pua ya anayemuuguza. Hapa bakteria hajapitia kwenye kiroboto. Ametoka kwenye nyuzi 37 na anaingia kwenye nyuzi 37, tayari kavaa koti, tayari ana sindano. Zile saa za mwanzo za nafuu hazipo. Tauni ya mapafu inaweza kuonekana ndani ya siku moja, na isipotibiwa karibu kila mgonjwa hufa. Ndiyo maana anayemuuguza mtu wa aina hiyo huvaa barakoa na hupewa dawa za kinga hata kama anajiona mzima.

Je, baridi yetu inachangia?

Ukiangalia ramani ya Afrika utaona tauni imependa milima na nyanda za juu: Usambara, Mbulu, West Nile ya Uganda, Ituri, na Madagaska katikati kwenye miinuko. Sababu ni nyingi, kuanzia aina ya panya na viroboto hadi mvua na mashamba. Lakini moja inahusu hadithi yetu. Kwenye ubaridi bakteria wa tauni hutengeneza utando wa kunata ndani ya kiroboto. Utando unaziba koo la kiroboto. Damu haipiti, kiroboto anashinda na njaa, anauma tena na tena kama kichaa, na kila akiuma anatapika bakteria kwenye kidonda. Kukiwa na joto, karibu nyuzi 30 na kuendelea, utando haushiki vizuri. Na kwenye joto la mwili bakteria huzivunja protini za kutengenezea utando, maana mwilini hauna kazi.

Yule kijana wa klabu alidakia tena: "Basi tuwashe moto nyumbani usiku kucha!" Wenzake wakacheka. Moshi utakuumiza kifua kabla hujamsumbua kiroboto. Kinachosaidia ni vitu vya kawaida. Mahindi yasikae darini juu ya kichwa chako, yawe kwenye ghala ambalo panya hapandi. Lala kitandani badala ya sakafuni, kwa sababu kiroboto hawezi kuruka juu sana. Na ukiona panya wanakufa bila kutegwa, usiwashike kwa mikono wala usimwachie mdogo wako awachezee. Mwambie mwenyekiti wa kitongoji au mhudumu wa afya siku hiyohiyo. Jambo moja watu hulikosea: katika mlipuko, huanzi kwa kuua panya. Ukiwaua panya kwanza, viroboto wote wanabaki bila makao, wana njaa, na wewe upo. Huanza dawa ya viroboto, panya baadaye.

Kipimo kinachotafuta koti

Kabla sijaweka kalamu chini, nikuonyeshe jinsi elimu hii ya jeni inavyotumika zahanati. Wataalamu wa Taasisi ya Pasteur ya Madagaska walitengeneza kipimo cha haraka cha tauni, kijiti kidogo kama kile cha kupima malaria, na walitangaza matokeo yake mwaka 2003. Mganga anavuta majimaji kidogo kwenye mtoki, au anachukua makohozi, anachovya kijiti, na ndani ya dakika 15 mstari unaonekana au hauonekani. Kijijini ambako maabara iko mbali, dakika 15 si mchezo.

Kijiti hicho hakimtafuti bakteria mwenyewe. Kinatafuta koti lake, ile protini ya F1. Kwa mgonjwa hilo linafaa sana, kwa sababu mwilini mwake kuna nyuzi 37, ukurasa wa koti unanakiliwa mchana na usiku, na F1 imejaa kwenye mtoki. Lakini chukua kijiti hichohicho ukapime viroboto waliochanwa kutoka kwa panya wa Shume. Hata kama viroboto wamejaa bakteria wa tauni, kijiti kinaweza kunyamaza. Ndani ya kiroboto ni baridi na koti halijashonwa. Ndiyo maana viroboto hupimwa maabara kwa njia nyingine, inayotafuta jeni zenyewe ndani ya DNA. Kurasa zile zimo daftarini muda wote, kwenye baridi na kwenye joto, ziwe zimenakiliwa au bado.